Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu: mtoto anayefikiri kwa maumbo tunampima kwa maneno

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania
Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania

YAH: KUFUNDISHA NA KUPIMA UWEZO WA KUFIKIRI KWA MAUMBO NA NAFASI

Waheshimiwa,

Ninafundisha hisabati na uchoraji wa kiufundi katika shule ya sekondari. Nawaandikia kuomba jambo lisilohitaji jengo jipya wala mkopo. Naomba uwezo wa mwanafunzi wa kuliona umbo akilini, kuligeuza, kulikata, kulikunjua, na kujua kitu kiko wapi kwa kulinganisha na kingine, ufundishwe waziwazi tangu madarasa ya chini, na upewe alama katika mitihani yetu kama tunavyovipa alama kusoma na kuhesabu.

Kwa sasa uwezo huo tumeuacha ujiotee. Ukimea kwa mtoto, tunasema ana kipaji. Usipomea, tunasema hesabu hazimpandi. Kauli zote mbili zinamwacha mwalimu bila kazi ya kufanya, na zote mbili zinapingana na yale ambayo saikolojia imeyakusanya kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo kila mwalimu wa hisabati angepaswa kulisikia chuoni. Waliwaonyesha watu michoro miwili miwili ya vitu vilivyoundwa kwa vijibweta vya mraba vilivyoungana na kupinda hapa na pale. Swali lilikuwa fupi: je, hiki na hiki ni kitu kimoja kilichogeuzwa, au ni vitu viwili tofauti? Walichopima ni muda wa kujibu. Kadiri pembe ya mgeuko ilivyokuwa kubwa ndivyo jibu lilivyochelewa, tena kwa mpangilio: takriban sekunde moja kwa kila nyuzi 60. Mtu alikuwa akikizungusha kile kitu kichwani, kwa mwendo unaopimika kwa saa. Miaka saba baadaye Stephen Kosslyn na wenzake waliwakaririsha watu ramani ya kisiwa cha kubuni, wakawaambia waitazame akilini na kusafiri kutoka alama moja hadi nyingine. Alama zilizokuwa mbali zilichukua muda mrefu zaidi kufikiwa. Kabla ya kazi hizi wanasaikolojia wengi wa Marekani walikuwa wameiweka kando taswira ya akilini kwa hoja kwamba kisichoonekana hakipimiki.

Nayataja haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kumtazama mwanafunzi aliyekaa kimya mbele ya swali la umbo. Huenda hajakwama. Huenda bado anazungusha. Kumharakisha mtoto kwa kumwambia "jibu, jibu, muda unakwenda" ni kumwondolea lile umbo mikononi kabla halijafika mahali pake.

Kwa mtaala tuliouzoea, mada ya maumbo ya pande tatu ilimfikia mwanafunzi akiwa kidato cha nne, mtihani wa mwisho ukiwa mlangoni. Unamchorea piramidi, unamwambia atafute pembe kati ya ukingo wake na kitako chake. Ubao ni bapa, piramidi si bapa. Anayeweza kuinyanyua ile piramidi kutoka ubaoni anaiona pembetatu iliyojificha ndani yake, na kilichobaki ni trigonometria aliyokwisha kuisoma. Asiyeweza anaona mistari iliyopishana tu, basi anakariri hatua na kuomba Mungu swali lije vilevile. Nimeona wanafunzi wenye trigonometria safi wakiikosa hesabu hiyo yote kwa sababu hawakuiona pembetatu. Nimewakatia vipande vya mabua, nikaviunga pembeni kwa udongo, nikawakabidhi piramidi waishike na kuigeuza, na wengi wao wakaionyesha ile pembetatu kwa kidole kabla sijauliza.

Wala si hisabati peke yake. Jiografia ina ramani za kontua za skeli ya 1:50,000, ambamo mistari iliyobanana ni mteremko mkali na mistari iliyoachana ni tambarare; mwanafunzi asiyeweza kuuinua mlima kutoka karatasini atazikariri sentensi hizo mbili bila kuona bonde hata moja. Biolojia ina mkato wa figo na mkato wa shina. Kemia ina methani, ambayo daftarini huchorwa kama msalaba, ilhali atomu zake nne za haidrojeni zimetawanyika pande zote kuizunguka kaboni. Tunashangaa kwa nini sayansi na hisabati zinawashinda watoto wetu mwaka hadi mwaka, na katika masomo haya yote kuna hatua moja ileile ambayo hakuna kipindi chochote kinachoifundisha.

Gharama ya kuupuuza uwezo huu imewahi kuonekana kwa wengine. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwatafuta watoto wa California wenye akili kuliko wenzao ili awafuatilie maisha yao yote. Kipimo chake kiliegemea sana maneno. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa nje walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Nobel ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi ya transista, na Alvarez akaipata mwaka 1968. Katika watoto zaidi ya 1,500 waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyepata Nobel. Baadaye ilikuja hesabu kubwa zaidi. Mwaka 1960 Wamarekani walianza mradi wa kuwapima wanafunzi wa sekondari wapatao 400,000, wakawafuatilia hadi miaka 11 baada ya kuhitimu. Jonathan Wai, David Lubinski na Camilla Benbow walizirudia takwimu hizo mwaka 2009. Waliokuja kuwa wahandisi na wanasayansi wa fizikia walikuwa, tangu ujana wao, na uwezo mkubwa wa kufikiri kwa maumbo, hata baada ya kuzingatia alama zao za hisabati na lugha. Na katika ile asilimia moja ya juu kabisa kwa uwezo wa maumbo, asilimia 70 hawakuwemo katika asilimia moja ya juu ya hisabati wala ya lugha. Shule inayotafuta vipaji kwa hisabati na lugha peke yake ingewapita wote hao.

Sisi tunawapita kila siku. Tembeleeni Keko, Dar es Salaam, muwatazame maseremala wakikata viungo vya kitanda vinavyoingiana bila gundi. Fikeni Gerezani kwa wahunzi wa bati, mwone bapa la bati likikatwa, likikunjwa na kuwa ndoo, bila mchoro wowote. Wachongaji wa Kimakonde wa Mwenge hutoa watu wengi waliopandana kutoka gogo moja la mpingo, na nyundo ikishagonga hakuna kufuta. Mafundi wa majahazi wa Nungwi na wa Lamu hulaza mkuku (uti wa chini wa chombo) na kupandisha mataruma (mbavu zake) kwa jicho na kumbukumbu, bila ramani ya karatasi, na chombo kinaelea sawa. Mafundi cherehani wetu hupima mwili wa mteja kwa futi kamba na kuuhamishia juu ya kitambaa kilicholala mezani. Wengi wa watu hawa cheti chao cha shule kinasema hawakuweza. Sisi ndio tulioandika cheti hicho.

Najua jibu ambalo huwa linakuja hapa: kwamba hao ni mafundi wa mikono, na mikono si akili. Naomba nilijibu kwa utafiti uliofanywa barani kwetu, maana nauona kuwa ndio muhimu kuliko yote niliyoyataja.

Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti alioufanya Afrika Kusini. Alitumia michoro ya mistari yenye mwindaji, swala na tembo, ambapo tembo amechorwa mdogo ili aonekane yuko mbali, juu ya kilima. Aliuliza nani yuko karibu na mwindaji. Wengi ambao hawakuwa wamesoma shule walimtaja tembo, kwa sababu kwenye karatasi ndiye aliyekuwa karibu na ncha ya mkuki. Matokeo hayo yalizunguka dunia, na wapo waliopenda kuyasoma kama ushahidi kwamba Mwafrika hana uwezo wa kuona kina. Lakini anayeona kina porini, akamlenga swala halisi na kumpata, hana upungufu wa macho wala wa akili. Alichokuwa hajafundishwa ni mapatano ya wachoraji wa nchi fulani kuhusu namna ya kulaza dunia kwenye karatasi.

Kisha akaja Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia. Mwaka 1979 alichapisha jaribio ninalolipenda kwa uadilifu wake. Aliwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester kazi ileile, kunakili umbo walilooneshwa, ila kwa vifaa tofauti. Kwa penseli na karatasi watoto wa Uingereza waliwashinda wa Zambia. Kwa waya, watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Kwa udongo hapakuwa na tofauti. Lusaka wakati ule, kama mitaa yetu mingi, watoto walikuwa wakijitengenezea magari ya waya, yenye ekseli na usukani mrefu wa kuyaendeshea wakiwa wamesimama. Laiti Serpell angewapa penseli peke yake, angerudi na jibu kwamba watoto wa Zambia ni dhaifu kwa maumbo. Angewapa waya peke yake, watoto wa Manchester ndio wangeitwa dhaifu.

Waheshimiwa, mitihani yetu ni penseli peke yake. Tena mara nyingi ni penseli inayoandika maneno, na kuanzia sekondari maneno hayo ni ya Kiingereza. Mtoto aliyeunda gari la waya lenye magurudumu yanayokata kona amekwisha kutatua tatizo la jiometri ya pande tatu. Anafika kidato cha pili, anaulizwa kwa Kiingereza aeleze sifa za mche (umbo ambalo Kiingereza huliita prism), anaambulia sifuri. Hilo swali limepima nini?

Sisemi penseli iachwe. Ile ile hoja ya Hudson inatuambia kwamba kusoma mchoro ni ujuzi unaofundishwa, kama herufi. Katika mchoro wa kiufundi, mstari wa vipande vipande maana yake ni ukingo uliofichika nyuma. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua hilo, na kwa mwanafunzi wa kawaida wa sekondari, nje ya somo langu, hakuna anayemwambia. Vitabu vyake vimejaa michoro ya mkato, mishale ya mzunguko, picha ya kitu kilichokuzwa kando ya kitu kilichodogoshwa. Tunafundisha alfabeti mwaka mzima, lakini mchoro tunadhani hujieleza. Naiomba Taasisi iyatazame maandishi yaliyo chini ya michoro ya vitabu vyake, ijiulize ni mangapi kati yake yanayomweleza mtoto jinsi ya kuutazama mchoro wenyewe.

Sasa kuhusu wasichana, ambako moyo wangu upo kuliko kwingine. Katika majaribio ya kuzungusha maumbo akilini, kwa wastani wanaume wamekuwa wakiwazidi wanawake katika nchi nyingi, na tofauti hiyo imetumika kuwaambia mabinti kwamba uhandisi si wao. Hebu tazameni kilichotokea ilipochunguzwa kwa makini. Sheryl Sorby ni mhandisi aliyewahi kusimulia hadharani kwamba somo la uchoraji wa kihandisi lilimtesa mwaka wake wa kwanza chuoni. Mwaka 1993, akiwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, alianza kuwapima wanafunzi wapya wa uhandisi, na waliopata alama ndogo akawapa kozi fupi: kuchora umbo kwa kuangalia pande zake, kulizungusha, kulikata, kulikunja kutoka bapa. Wanawake walishindwa kile kipimo kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Waliopitia kozi walipanda, walifanya vizuri zaidi katika masomo yaliyofuata, na walibaki kwenye uhandisi kuliko wenzao waliokuwa na alama kama zao lakini hawakuipitia. Miongoni mwa vifaa vya kozi hiyo vilikuwemo penseli, karatasi na vijibweta vya kuunganisha.

Mwaka 2011 Moshe Hoffman, Uri Gneezy na John List walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 1,200 wa kaskazini-mashariki mwa India, wa jamii mbili zinazoishi karibu karibu, Wakhasi na Wakarbi. Kwa Wakarbi ardhi hurithiwa na wanaume. Kwa Wakhasi mali hushikwa na upande wa mama. Walipewa fumbo la kuunganisha vipande vya picha. Kwa Wakarbi wanaume walikuwa wepesi zaidi. Kwa Wakhasi tofauti ilitoweka.

Na hapa jirani, Magharibi mwa Kenya, kwa Wamaragoli, Ruth na Robert Munroe walichapisha mwaka 1971 jambo ambalo kila mzazi wa kijijini angeweza kulikagua mwenyewe. Walitazama watoto wadogo wanapatikana umbali gani kutoka nyumbani wakati wao wa kucheza. Wavulana walikutwa mbali zaidi kuliko wasichana. Na mtoto aliyezoea kwenda mbali, ndiye aliyefanya vizuri zaidi katika kazi za kunakili na kupanga maumbo. Nikiisoma kazi hiyo huwa namfikiria binti anayetumwa jikoni na kisimani kwa njia ileile moja huku kaka yake akitafuta ng'ombe kuvuka korongo. Shule haiwezi kubadilisha nani anatumwa wapi baada ya kengele ya mwisho. Lakini inaweza kumpa yule binti, ndani ya saa zake, ramani ya kijiji aichore mwenyewe kwa kuzunguka, vijibweta avipange, na njia asiyoijua aifuate na kurudi.

Kwamba mazoezi yanafaa, hilo halina tena ubishi mkubwa. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 za mafunzo ya aina hii. Watu wa rika na viwango mbalimbali walinufaika, faida haikuyeyuka mara tu baada ya mafunzo, na ilienea hadi kwenye kazi ambazo hawakuwa wamezifanyia mazoezi. Hata ubongo wa mtu mzima hubadilika: Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia watu waliokuwa wakijifunza mitaa ya London ili wapate leseni ya teksi, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba kwa waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linaloshughulika na kumbukumbu na mahali, ilikuwa imeongezeka.

Baada ya kuyasema haya naomba niwe mwangalifu, maana nimeshaona wazo zuri likiharibika likifika semina. Kuna fundisho lililoenea katika vyuo vya ualimu kwamba watoto wamegawanyika: huyu ni wa kuona, yule ni wa kusikia, mwingine wa kugusa, na kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia ushahidi wa dai hilo, na hawakukuta msingi wa kutosha wa kulitumia darasani. Ninachoomba si hicho. Siombi watoto wa picha watengwe na watoto wa maneno. Naomba kila mtoto afundishwe kufikiri kwa maumbo, kama kila mtoto anavyofundishwa kusoma, akiwemo yule ambaye maneno humjia kwa urahisi.

Vilevile kuona picha kichwani si kitu kimoja kwa watu wote. Francis Galton aliwauliza watu mwaka 1880 waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa, na wapo waliomjibu kwamba hawaoni chochote. Mwaka 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, aliipa hali hiyo jina, afantasia. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu za vibonzo ya Pixar, amesema wazi kwamba yeye haoni picha akilini, naye ametumia maisha yake kutengeneza picha. Wenye hali hiyo wengi hufumbua mafumbo ya kuzungusha maumbo vizuri tu, kwa njia yao. Kwa hiyo mwalimu anayewaambia watoto "fumbeni macho mwone piramidi" hajamaliza kazi. Wapo watakaofumba na kuona giza. Karatasi, udongo na mikono ni vya lazima.

Pia tusichanganye kufikiri kwa maumbo na kuchora kwa kupendeza. Maria Kozhevnikov amefanya kazi ndefu kuonyesha kwamba kuna watu wanaoona picha zenye rangi na undani mwingi, na wengine wanaoona mahusiano, wapi kinakaa na kinaelekea wapi, na kwamba wasanii wengi wapo kundi la kwanza na wanasayansi wengi kundi la pili. Mtoto ambaye picha yake ya nyumba ni mbaya lakini vyumba vyote vimekaa mahali pake, milango inafunguka upande sahihi, huyo anastahili alama. Kwa utaratibu wa sasa anachekwa.

Somo la Sanaa na Michezo limeingia katika mtaala mpya wa msingi, na nimelifurahia. Ila tukiliachia lenyewe kazi hii tutakuwa tumeipeleka kwenye urembo. Mahali pake pa kwanza ni hisabati ya darasa la kwanza na la pili: kufungua boksi la dawa ya meno na kuchora lilivyokunjuka, kupanga viberiti na kuchora jinsi vinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni, kutabiri karatasi iliyokunjwa na kutobolewa itakuwa na matundu mangapi ikikunjuliwa. Kisha jiografia, kwa kuchora ramani ya eneo la shule kwa hatua za miguu kabla ya kupewa ramani ya mtu mwingine. Mlima wa udongo unaokatwa kwa uzi tabaka kwa tabaka, kila tabaka likichorwa ukingo wake juu ya karatasi moja, unafundisha kontua kwa kipindi kimoja. Nimeufanya. Udongo ulichotwa nyuma ya choo cha shule.

Katika haya yote watoto wazungumze, tena kwa Kiswahili chao: mshazari, ukingo, kipeo, mbele ya, kandokando, kinyumenyume. Shannon Pruden, Susan Levine na Janellen Huttenlocher walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto waliosikia maneno mengi ya maumbo na mahali kwa wazazi wao, wakayatumia, ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye katika kazi za maumbo. Lugha yetu ina maneno hayo ya kutosha, na vitabu vya msingi viyabebe kwa wingi kuliko sasa.

Kwa Baraza la Mitihani nina ombi mahususi. Yawepo maswali ambayo jibu lake ni mchoro na mchoro huo ubebe alama zote, si mchoro wa kuandamana na maelezo. Mwanafunzi aonyeshwe umbo aseme lipi kati ya manne ndilo lilelile lililogeuzwa. Aonyeshwe bapa achague boksi litakalotokea. Aonyeshwe kipande cha ramani achore mlima huo ukitazamwa kutoka upande wa kusini. Maswali ya namna hii hayadai Kiingereza kirefu, husahihishwa kwa urahisi, na mtoto wa Sikonge na wa Masaki wanayakabili wakiwa karibu kulingana. Ila muda uwe wa kutosha. Msiwapime kasi mkidhani mnapima akili. Na watoto wapewe mwaka au miwili ya kujifunza kusoma michoro kabla maswali hayajaanza kuhesabiwa, la sivyo tutarudia kosa la mwindaji na tembo kwa watoto wetu wenyewe.

Kwa Wizara, naomba mlitazame suala la mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, uliofunguliwa mwaka 2024. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa dhati. Hofu yangu ni moja: wazazi wengi wanauona kama mahali pa kupelekwa aliyeshindwa, na tukiwapanga watoto kwa alama za maneno, ndivyo utakavyokuwa kweli. Fikirieni mwelekeo wa mkondo huo ukichaguliwa kwa kipimo cha maumbo pia. Mtoto mwenye uwezo huo mkubwa akaenda amali kwa sababu anaweza, na mwenzake mwenye uwezo huohuo akaenda sayansi, na njia ya uhandisi ikabaki wazi kwa wote wawili. Walimu nao wapewe mafunzo, kwa sababu wengi wetu tulilelewa katika shule hizihizi. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe haioni pembetatu ndani ya piramidi ataifundisha kwa kukaririsha, na hana lawama.

Yapo mengi yanayoweza kufanyika bila kusubiri mtaala kuchapwa upya. Chagueni shule chache za msingi na sekondari katika mikoa tofauti, ikiwemo shule kongwe za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zenye walimu wa uchoraji tayari. Wapimeni wanafunzi wa kidato cha kwanza uwezo wa maumbo, kwa penseli na kwa waya na kwa udongo. Wapeni nusu yao mazoezi ya muhula mmoja, kisha wapimeni tena wote, pamoja na alama zao za hisabati na jiografia, wavulana na wasichana kando kando. Matokeo yatangazwe hadharani, yawe mazuri au mabaya. Walimu wa uchoraji wa kiufundi tupo, hatuko wengi, na ninaowafahamu wako tayari kuandaa mazoezi hayo bila malipo ya ziada. Tunachohitaji ni barua ya ruhusa kutoka kwenu itakayowaambia wakuu wa shule kwamba vipindi hivyo viwili kwa wiki si mchezo, na kwamba watoto wakikutwa wamekaa chini wakifinyanga udongo, wako darasani.

Naomba jibu lenu kabla ratiba za mwaka ujao wa masomo hazijapangwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati na uchoraji wa kiufundi,
Morogoro